Bolti Nne za Mashine ya Mawese

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kukaza. Nilipoolewa Kidahwe nikitokea Ujiji, nilimkuta amechomeka spana kwenye pindo la kitenge, pale ambapo wanawake wengine huficha simu. Baiskeli ikipita karibu naye, aliikaza. Mlango ukilia, alikaza bawaba. Kiti cha mgeni alikikaza mgeni akiwa amekalia, na mgeni mwenyewe akibaki ananyanyua miguu na kuomba radhi bila kujua kosa lake. Kwetu Ujiji mlango wa uani ulifungwa kwa kamba ya nailoni tangu sijazaliwa, na hakuna aliyeona shida. Sikuwahi kudhani mtu anaweza kupata raha kiasi kile kwa kuzungusha kipande cha chuma.

Mimi ni fundi cherehani. Vitu vyangu ni mkasi, uzi na zipu, na kwa miaka yangu ya mwanzo pale nyumbani yeye na mimi tulikuwa kama watu wanaosubiri magari tofauti kwenye kituo kimoja. Tulisalimiana vizuri. Nilimwamkia, aliitikia, akauliza habari za Ujiji, nikasema njema, basi. Mume wangu ni mnunuzi wa dagaa Kagunga, hivyo muda mwingi hakuwapo wa kutuchangamsha. Aliyekuwapo ni shemeji yangu, mdogo wake, mtu mwenye mabega mapana na maneno mengi, ambaye nyumba yake imetazamana na yetu.

Kilichotukutanisha ni mashine ya mawese.

Mashine hiyo ilikuwa mali ya mama mkwe na ilifanya kazi kwa nyumba nyingi za jirani. Ni kitu rahisi ukikitazama. Nguzo mbili nene za chuma zimesimama, na juu yake imelala boriti ya chuma. Katikati ya boriti imepita skrubu kubwa, nene kama mkono wa mtu mzima. Chini yake kuna pipa lenye matundu, ndani yake zinatiwa chikichi zilizokwisha kuchemshwa na kutwangwa. Watu wanasukuma mti mrefu kwa kuzunguka, skrubu inashuka, sahani ya chuma inakandamiza, na mafuta mekundu yanachuruzika kwenye karai. Jambo ambalo sikuwa nimelifikiria ni kwamba kadiri sahani inavyosukuma chini, ndivyo boriti nayo inavyosukumwa juu. Kinachoizuia isiruke ni bolti nne, mbili kila upande, pamoja na nati zake.

Mwaka huo tuliihamisha mashine. Pale ilipokuwa maji ya mvua yalikuwa yakituama, tukaamua kuipeleka karibu na kijito. Bolti za zamani zilikuwa zimeshikana na kutu kiasi kwamba shemeji alizikata kwa msumeno wa chuma. Mama mkwe alisimama pembeni akiziaga kwa masikitiko, maana yeye ndiye aliyezikaza miaka yote.

Tulikwenda mjini pamoja, yeye na mimi. Nilitaka kununua zipu, yeye bolti. Katika soko la Mwanga, muuza duka alimwaga nati kwenye meza na mama mkwe akazijaribu moja moja. Alishika bolti wima, akaweka nati kwenye ncha, akaipiga kwa kidole. Ikateremka yenyewe ikizunguka mpaka chini bila kugusa chochote njiani.

"Umeona?" akaniambia, uso umemng'aa. "Hii ndiyo nati. Haisumbui mtu."

"Mama anajua vitu," akasema muuza duka.

Na mimi nilikubali. Kweli ilipendeza kuiona ikiteremka namna ile. Tulinunua bolti nne na nati nne, na nati moja ya akiba, maana mama mkwe hakuwahi kununua kitu bila cha akiba.

Siku ya kukamua watu walikuja asubuhi. Mapipa ya chikichi yalikuwa yamechemka, wanawake walikuwa wametwanga, vijana walishika mti. Mama mkwe alizunguka na spana yake, akakaza nati zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akarudia tena. Kisha akasimama mbele ya pipa, mikono kiunoni, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Mkamuo wa kwanza ulitoka vizuri. Nilikuwa mimi wa karai, na mafuta yalinijia mazito na yenye harufu ile inayokutia njaa hata kama umetoka kula. Tukamwaga makapi, tukajaza tena. Shemeji akasema safari hii tusukume mpaka tone la mwisho.

Walizunguka. Skrubu ikashuka. Kukasikika sauti ndogo, krrr, kama mtu anachana khanga. Shemeji akasimama.

"Sukumeni!" mama mkwe akaamuru. "Mnaogopa sauti?"

Wakasukuma. Sauti ikarudi, ndefu zaidi, kisha pa! Boriti ikaruka upande mmoja, sahani ikalala kiupande ndani ya pipa, na chikichi zilizopondwa zikatoka pale zilipopata upenyo. Upenyo huo ulikuwa unamtazama mama mkwe. Zilimpata kuanzia kilemba mpaka ndala. Hakuna aliyeumia, ashukuriwe Mungu. Mama mkwe alikuwa mwekundu mzima, macho tu ndiyo yaliyobaki na rangi yake, na nyuzi za chikichi zilimning'inia masikioni.

"Mawe we!" akasema hatimaye. Hivyo ndivyo Waha wanavyomwita mama yao wakishtuka. Kisha akafuta mdomo na kutoa amri aliyoizoea: "Kazeni!"

"Mama," shemeji akamjibu taratibu, "tukaze nini? Hakuna kilichobaki cha kukaza."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na mwisho mama mkwe mwenyewe, akitetemeka mpaka mafuta yakamdondoka. Tulimpeleka kijitoni. Mimi ndiye niliyemsugua kwa majivu na sabuni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumgusa kwa zaidi ya kumpa mkono. Zile chikichi zilizobaki tulizikamua kwa mikono kwenye maji ya moto, kama zamani, na kila mtu akaenda kwake vidole vimemlainika.

Jioni ile ile, kabla ya chakula, tulikaa uani na zile bolti. Nati mbili za upande uliofyatuka zilikuwa zimechomoka mzimamzima. Ndani yake hamkuwa tena na meno yale yanayojiviringa. Palikuwa laini kama ndani ya pete, na mahali pa meno pametoka waya mwembamba wa chuma uliojikunja kama ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika. Meno ya bolti yalikuwa yamelika nchani.

"Chuma cha siku hizi," shemeji akatangaza. "Ni bati tu limepakwa rangi."

"Hazikukazwa vya kutosha," akasema mama mkwe.

Niliokota ile nati ya akiba, nikaifungia kwenye bolti iliyokuwa nzima, na kwa kukosa la kufanya nikaanza kuitikisa. Ilicheza. Huku na huku, kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Niliifungua, nikapaka bolti masizi ya chini ya sufuria, nikairudisha nati na kuikaza kidogo juu ya kipande cha chuma, kisha nikaitoa tena. Masizi yalikuwa yamefutika kwenye ncha za meno peke yake. Chini zaidi, kwenye ubavu wa jino, yalibaki vilevile.

"Mama, hii ni zipu iliyopanuka," nikasema.

"Zipu?"

"Zipu ikipanuka, unaifunga na inafungika. Tena inapanda laini kuliko mpya. Lakini meno hayajaumana, yamegusana tu. Mwenye gauni akishiba, inaachia yote kwa mkupuo."

Akaichukua bolti, akaisogeza karibu na moto wa jiko, akaigeuza. "Kwa hiyo ile iliyoteremka vizuri ndiyo mbaya," akasema polepole.

"Naona hivyo."

"Basi tunataka inayobana."

Hapo ndipo tulipokosea pamoja, kwa moyo mkunjufu kabisa. Tulirudi mjini, duka jingine, na safari hii mama mkwe alikataa kila nati iliyoteremka kwa kidole. Mwishowe tukapata bolti zenye rangi ya kijivu iliyofifia, nene kidogo ukizishika, zimepakwa kitu kama ngozi ya pili, na nati ambazo zilishika njia mara tu zilipoanza. "Hizi," akasema. Muuzaji alijaribu kusema neno, akanyamazishwa.

Kuzifunga ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Nati ya kwanza ilikwenda mizunguko michache kwa spana, ikilia kama nguruwe. Shemeji alitoa shati. Ilipofika katikati ilikuwa ya moto huwezi kuishika, na hapo ikasimama. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma. Tukaiacha, tukaenda ya pili. Hiyo ilifika mpaka kwenye boriti, na spana ikawa nzito kabisa, kila mtu akaridhika. Mimi nikaweka mkono kwenye boriti na kuisukuma. Ikatikisika.

"Bado haijashika," nikasema.

"Haijashika vipi, na mimi nimening'inia juu ya spana?" shemeji akauliza.

Mama mkwe hakuwa na subira ya mjadala. Alimsogeza mwanawe, akashika spana kwa mikono miwili na kuvuta kwa uzito wake wote. Bolti ikakatika. Akaenda kinyumenyume hatua kadhaa, spana mkononi, kilemba hewani, na akakaa kitako juu ya lundo la mise zilizoanikwa, zile kokwa ngumu zinazobaki baada ya kukamua. Mise zikatawanyika uwanja mzima. Kuku wakakimbia.

Akakaa pale akipumua. Nilijua nisicheke. Nilitazama kwenye migomba.

"Cheka tu," akasema. "Naona mabega yako."

Siku iliyofuata tulikwenda kwa mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, karibu na stesheni ya reli Kigoma. Nilikuwa nimemshonea mkewe sare ya harusi. Alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi kwa kazi yake, shati limepigwa pasi, na alipenda kuongea kuliko kuendesha mashine. Mama mkwe alimwaga mfuko mezani: nati zilizoliwa, bolti zilizolika, nati ya akiba, bolti ya kijivu iliyokatika, na mbili za kijivu zilizokuwa bado mpya.

"Shikamoo mama. Hii ni ajali au vita?"

"Marahaba. Pima," akasema mama mkwe.

Akatoa kipimo chake cha chuma kinachobana kama taya, akapima bolti za kwanza, akapima nati. Akachukua kingine, kama kichana chenye meno, akayalinganisha na meno ya bolti. Mama mkwe alinyoosha mkono kukigusa kichana na akapigwa kofi dogo la kidole. Hakuna mtu Kidahwe aliyewahi kufanya hivyo. Yeye akarudisha mkono tu, kama mwanafunzi.

"Sikilizeni," mkerezaji akasema. "Hakuna bolti iliyo sawasawa kabisa duniani. Kiwanda kinaruhusiwa kukosea, lakini kidogo, na kwa upande unaojulikana. Bolti iwe nyembamba kwa kiasi cha unywele, nati iwe pana kwa kiasi cha unywele, zipate kuingiliana. Huo unywele una mwisho wake. Ukipita hapo, bolti inabaki bolti kwa sura tu."

"Kama wakamwana," akasema mama mkwe bila kunitazama. "Kukosea kidogo tunavumilia."

"Na wakwe pia," nikajibu, na nilishangaa kusikia sauti yangu. Mkerezaji alicheka sana. Mama mkwe alivuta mdomo upande mmoja, na kwake hilo lilikuwa tabasamu kubwa.

Mkerezaji alituonyesha. Nati zetu za kwanza zilikuwa pana mno kwa zile bolti, kwa hiyo meno yalishikana kwa ncha. Ncha ya jino ni nyembamba, haina nguvu ya kubeba boriti inayotaka kuruka. Tena mzigo haugawanywi sawa: jino lililo karibu na boriti ndilo linalobeba zaidi. Hilo likikatika, mzigo unahamia kwa la pili, nalo halina ubavu, na yote yanakwenda kwa zamu. Nikaona mshono unaofumuka kuanzia fundo la kwanza. Nikamwambia, akasema ndiyo, hivyo hasa.

"Na hata kama zisingefyatuka siku ile," akaongeza, "nati inayocheza hujilegeza yenyewe kwa mtikisiko. Maji yanaingia kwenye nafasi, kutu inakula. Ungekaza leo, kesho unakuta imelegea."

"Na hizi zilizobana?" mama mkwe akauliza. "Hizi si zilishika?"

"Zilishikana zenyewe kwa zenyewe, mama. Hazikuishika boriti. Nguvu yako yote iliishia kwenye msuguano wa meno, na wewe unadhani umekaza. Bolti ikasokotwa kama nguo inayokamuliwa, mpaka ikakatika."

Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo tukikaa tunakisimulia. Aliokota ile nati yetu ya akiba, ya duka la kwanza, ile iliyokuwa pana. Akaokota bolti mpya ya kijivu ya duka la pili. Akaiweka nati kwenye ncha na kuizungusha kwa vidole viwili. Ikaenda, si kwa kuteremka yenyewe, bali kwa kufuata vidole, taratibu, mpaka chini. Akaitikisa. Haikucheza, ila kwa kiasi kidogo ambacho ungekisikia kuliko kukiona.

"Bolti hizi zimechovywa zinki zisipate kutu, ndiyo maana zimenenepa," akasema. "Na nati zenu za kwanza zilichongwa pana makusudi, zivae bolti kama hizi. Zilikuwa zinatafutana."

Mama mkwe aliichukua bolti na nati yake, akaizungusha mwenyewe mpaka chini.

"Yaani nilikuwa nazo zote?" akasema.

"Ulikuwa nazo zote."

"Kwenye mfuko mmoja?"

"Mfuko mmoja, mama."

Aliuliza kama kuna mahali anaweza kukaa. Akapewa kigoda, akakaa, akaanza kucheka peke yake, kicheko cha chini chini kilichopanda mpaka akashika mbavu, na fundi wa duka la jirani akaja kuchungulia kuna nini.

Mkerezaji alitushauri tutupe kila kilichokwisha kubeba mzigo au kulazimishwa, hata kama kinaonekana kizima. Tukanunua nati mpya duka la kwanza na bolti mpya duka la pili, na safari hii kila nati tuliipitisha kwenye bolti yake palepale juu ya meza. Badala ya masizi yangu ya sufuria, mama mkwe alikuwa na kipande cha mkaa kwenye mfuko wa plastiki. Alipaka, alizungusha, alifungua, akatazama, akanipa na mimi nitazame. Wenye maduka waligeuza nyuso. Tulipomaliza tulikula ugali na samaki wa ziwani, mgebuka wa kukaanga, karibu na bandari, mikono yetu myeusi mpaka kwenye viwiko, na akaniuliza habari za Ujiji. Sikujibu njema. Nilimweleza kwa marefu juu ya mama yangu, goti lake, na dada yangu aliyekuwa na mimba ngumu. Alisikiliza mpaka mgebuka ukapoa.

Kufunga mashine kulichukua muda wa kunywa chai. Nati zilikwenda kwa vidole mpaka kwenye boriti, kisha spana ikamalizia. Mama mkwe akakaza, akakaza tena, akaweka mguu kwenye nguzo apate nguvu ya mara ya tatu.

"Mama," nikasema, "imeshika. Ukiendelea utaing'oa meno."

Shemeji alirudi nyuma kidogo. Mama mkwe alinitazama, akaitazama spana, akaichomeka kwenye kitenge.

"Haya," akasema. "Leteni chikichi."

Tulikamua siku nzima. Boriti haikutoa hata sauti. Jioni tulizipitia nati zote, tukakuta moja imelegea kwa robo ya mzunguko, kama mkerezaji alivyotutahadharisha, maana boriti hujilaza vizuri baada ya kubeba kazi ya kwanza. Tukairudisha. Mafuta ya msimu ule yalikuwa mengi, na mume wangu aliporudi kutoka Kagunga alitukuta mama yake na mimi tumekaa kwenye mkeka mmoja tunabishana juu ya bawaba za kabati. Alisimama mlangoni na mzigo wake begani, hajui aingie au angoje.

Wiki chache baadaye palikuwa na harusi ya ndugu zao upande wa Mwandiga. Tulipeleka madumu ya mawese, tukakaribishwa ndani, na shangazi mmoja mzee ambaye sikuwahi kumwona akauliza mimi ni nani. Nilisubiri jibu la siku zote, mke wa mwanangu, yule wa Ujiji.

"Huyu?" mama mkwe akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Huyu ndiye fundi wangu."

Sikujua niweke wapi uso. Nilikuwa na sahani ya wali mkononi, nikaanza kula haraka haraka. Kabla sijafika nusu, mjomba wa bwana harusi akajitokeza kutoka uani, amejipanguza mikono, na kumwinamia mama mkwe. Baiskeli yake ilikuwa inapoteza nati ya gurudumu la nyuma kila ikifika mteremko wa kwenda kijitoni. Alikuwa amenunua nati mpya tena na tena. Je, fundi anaweza kuitazama?

"Anaweza," akasema mama mkwe. "Weka sahani chini, mwanangu. Wali utapashwa."

Nikaweka sahani chini, nikainua gauni nililojishonea mwenyewe lisiguse vumbi, na tukatoka wote watatu kwenda uani, yeye mbele, akiuliza kwa sauti nani ana kipande cha mkaa.